Prosesa ya Pili

Dada yangu tulimzika huku ughaibuni, mji wa Inver Grove Heights, mwezi wa pili, ardhi ikiwa imeganda hata ikabidi iletwe mashine ya kuchimbua kaburi. Mama, aliyekuwa Nakuru, alinyimwa viza. "Basi nitumie video," aliniambia kwenye simu. "Yote." Watu wa kanisa lake wangekuja kwake Jumamosi waitazame pamoja naye.

Kazi ya kuihariri niliifanya mimi, kwenye kompyuta kuukuu niliyopewa na kliniki ninakofanya kazi walipobadilisha vifaa. Waliisifu kwamba ina prosesa mbili, yaani bongo mbili za kufanyia kazi. Lakini kila nilipoiagiza itengeneze video, ilijikokota asubuhi hadi usiku, na nikikosea kitu kidogo naanza upya. Ijumaa nikampigia rafiki yangu Mtanzania, fundi wa kompyuta anayeishi Burnsville. Alifika na theluji kwenye viatu, akanipa pole tena, akaketi.

"Kaka, umewahi kuangalia kama mfumo unazitumia zote mbili?"

"Si zimo ndani?"

"Kuwamo ni jambo moja, kutumika ni jingine." Akafungua dirisha linaloonyesha jinsi kompyuta inavyofanya kazi, akaweka kidole kwenye skrini. Palipoandikwa soketi, yaani vikao vya prosesa, palikuwa na moja tu. "Mfumo huu ni toleo la nyumbani, linatambua prosesa moja. Hiyo nyingine imekaa bure tangu uilete."

Tukaweka toleo la ofisini, tukaiwasha upya. Soketi zikawa mbili. Feni zikavuma, na jioni, kabla hatujamaliza kula, video ikawa tayari. Rafiki yangu alifurahi. Mimi nilitamani ichelewe kidogo. Ilipokuwa ikijikokota, bado nilikuwa na jambo la kumfanyia dada.

Nikaituma. Jumamosi mama akapiga, sauti za wageni zikisikika nyuma yake.

"Mbona sijamwona?"

"Nani, Mama?"

"Mtoto wangu. Nimeona maua, nimeona mgongo wa pasta, nimekuona wewe. Yeye umemweka wapi?"

Nilikuwa nimekata sehemu ambayo jeneza lilikuwa wazi. Ugonjwa ulikuwa umemmaliza, nikaona afadhali mama abaki na ule uso aliouaga uwanja wa ndege.

"Alikonda sana, Mama."

"Nilimzaa mimi. Mrudishe."

Nikairudisha sehemu ile. Prosesa zote mbili zilifanya kazi, na muda wa kujiandaa sikuupata. Ili nihakikishe imetoka sawa ilibidi nitazame: midomo iliyopakwa rangi ambayo hakuwahi kupaka, shingo nyembamba, sweta yake ya kijani iliyokunjwa mikono kwa sababu ilimpwaya. Nikatazama mara moja, nikatuma.

Mama aliitazama peke yake, baada ya wageni kuondoka. Aliniandikia neno moja: "Nimemwona."

Siku hizi akipiga tunaongea kuhusu mvua na dawa zake za presha. Dada hatumtaji.