Saketi Iliyokosa Bismillahi

Juzi asubuhi, ghorofa ya juu ya basi kutoka Edmonton, huku ughaibuni, mbele yangu walikaa mama wa Kizanzibari na mwanawe, mwanafunzi wa uhandisi. Kijana alikuwa anakwenda kumwonyesha mwalimu wake saketi ya umeme aliyoichora kwenye kompyuta, akaamua aijaribu kwanza mbele ya mama.

Akabonyeza. Taa ya kwenye skrini haikuwaka, likatokea onyo jekundu. Mama akalivuta buibui lake upesi lisije likashika moto.

"Huu si umeme wa kweli, Mama," kijana akasema kwa Kiingereza. "Ni wa kuigiza."

"Ushasema bismillahi?" mama akauliza kwa Kiswahili.

"Kwani chakula, Mama?"

Akainamia skrini amenuna, akifuata mstari mmoja mmoja kwa kidole. Karibu na betri akakuta waya unaning'inia, haukuungwa popote. Akauunga. Kabla hajabonyeza tena, mama akamtangulia: "Bismillahi!" Abiria wote wakageuka. Taa ikawaka.

"Umeona?"

"Ni waya, Mama! Waya ulikuwa haukuungwa."

"Na nani kakuonyesha huo waya?"

Kijana akafunga kompyuta. Mimi ninayejifanya mtu wa sayansi nikajifanya natazama nje.

Kijana aliposhuka nilimchungulia dirishani. Alisimama mlangoni mwa chuo, kompyuta kwapani, midomo inamcheza. Nikadhani anarudia maelezo ya saketi yake, mpaka nilipomwona anajipangusa uso kwa kiganja, kama aliyemaliza dua.