Ngoma Juu ya Kamioneti

Sifa ni za Mungu aliyetulinda. Juzi, katika mtaa wa Rohero, niliona vijana wakipakia ngoma za kwaya katika gari lililofungwa, nikakumbuka alasiri moja ya vita.

Baba, mpiga ngoma wa kwaya, alikuwa akienda nami harusini katika mtaa wa Carama. Nililia tupande gari lililofunikwa, risasi zisitufikie. Akachagua kamioneti, gari dogo la mizigo lililo wazi nyuma. Nilidhani anajionyesha.

Kwenye kizuizi cha askari barabarani palinuka vumbi na mafuta ya bunduki.

“Munabeba nini, muzee?” askari aliuliza.

“Ngoma za kanisa, mwanangu. Angalia mwenyewe.”

Aliangalia, akaturuhusu. Gari lililofunikwa nyuma yetu lilizuiwa, abiria wakalazwa chini. Leo najua askari waliogopa wasichokiona. Baba alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

Msomaji, Mungu akufikishe salama uendako.