Finjani ya Karani

Karani wetu wa baraza la mji, Ibra, alisoma kila mkataba na finjani mkononi, kidole cha shahada kikitambaa chini ya mistari. Mimi ndiye niliyemmiminia kahawa. Kwetu asiyetikisa finjani bado anataka, na ni aibu kuinuka mwenzio anakunywa. Siku ya mkataba wa kununua umeme kwa jumla, wajumbe walikwisha shika kalamu. Yeye yuko finjani ya tisa.

"Mashekhe, kidogo tu," akasema taratibu. "Hapa wameandika, umeme ukipungua wakati wa joto, mji wetu ndio wa mwanzo kukatiwa."

Mjumbe wa kampuni ya umeme alibisha weee, mwisho akakifuta kifungu. Ndipo karani akaitikisa finjani yake.

Mamangu, ambaye dawa yake ya sukari hukaa kwenye friji, humwombea dua kila kiangazi. Hata sura yake haijui.