Bega la Mjomba M'Mugambi

Nilipokuwa mtoto sikuogopa bundi, wala kinyonga, wala ule mti mtakatifu wa mugumo wa njia panda ambao wenzangu waliupita mbio wakiwa wamefumba macho. Niliogopa mtu mmoja tu, na ndiye niliyempenda kuliko watu wote: Mjomba M'Mugambi, kaka yake mama. Ukizaliwa Meru unanielewa mara moja. Kwetu ilisemwa, na bado husemwa kwa sauti ya chini watu wakitoka kanisani, kwamba baba akikulaani unaweza kutafuta wazee wakakuombea, lakini mjomba akikulaani hakuna cha mchungaji wala cha daktari. Mikono itatetemeka, utashika kitu kikuponyoke, shule itakushinda. Wa kuiondoa laana ile ni yeye mwenyewe, kwa mate yake.

Sasa mtazame mtu mwenyewe niliyekuwa namwogopa. Mfupi, masikio yametogwa kama ya wazee wa zamani, kofia ya sufu kichwani hata kwenye jua la kwake Mitunguu, huko chini bondeni, linalochoma mpaka mbwa anatafuta kivuli. Alicheka kabla ya kumaliza kusimulia kichekesho chake, kwa hiyo vichekesho vyake vingi hatukuwahi kujua vinaishia wapi. Tumemzika juzi. Alikuwa amekaribia miaka mia kwa hesabu yake mwenyewe, hesabu ambayo ilipanda kila alipotaka kupishwa kiti. Tangu siku hiyo nimekuwa nikicheka peke yangu jikoni, na watoto wangu wananiangalia kwa wasiwasi, kwa hiyo acha niandike.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la nane, enzi zile za maziwa ya bure shuleni. Mtihani ulikuwa Novemba. Baba alikuwa ameshatangaza mbele ya wageni kwamba Kanana, yaani mimi, akipita ataenda shule ya bweni, na asipopita kahawa inamngoja pale shambani. Nilikuwa nimechuma kahawa tangu nikiwa na miaka sita na sikuwa na hamu ya kuendelea nayo.

Likizo ya Agosti mdogo wangu wa mwisho akabatizwa, na baba akachinja mbuzi. Huko kwetu kila kiungo cha mbuzi kina mwenyewe hata kabla mbuzi hajafa. Kuna cha wazee, kuna cha akina mama, kuna cha wasichana, na ukoo wetu ulisema bega la kulia ni la mjomba wa mtoto. Ukoo wa jirani ulisema ni la kushoto, na ubishi huo ungeweza kumaliza jioni nzima. Bega lilichomwa likatundikwa pembeni, lakini Mjomba hakutokea. Siku hiyo ilikuwa zamu yake ya maji ya mfereji, na mtu wa Mitunguu akikosa zamu yake, ndizi zake zinanyauka akiziangalia. Alituma salamu tu.

Jumatatu asubuhi mama akalifunga bega kwa majani ya mgomba, akalitia kwenye kiondo, akaniambia, "Mpelekee mjomba wako. Na usichezecheze njiani."

Ni lazima mjue kwamba karamu ile mimi sikuila. Wageni walikuwa wengi kama nzige, na sisi watoto tulipata supu na mifupa iliyokuwa imeshapigwa msasa. Sasa niko peke yangu, nateremka mteremko wa saa mbili, na bega la mbuzi la kuchomwa limenilalia mgongoni. Kila nikipiga hatua harufu inanigusa shingoni. Nilijikaza. Niliimba nyimbo za Sunday school. Nilipofika penye jiwe kubwa, pale unapoanza kuona mashamba ya Mitunguu huko chini, nikakaa nipumzike, nikafungua majani kidogo, nione tu kama nyama iko salama.

Kulikuwa na kipande kinaning'inia. Kingedondoka tu hata hivyo. Nikakila. Lakini sasa upande ule ulikuwa umeingia ndani, na mtu yeyote angeona, basi nikamega upande wa pili ili pande zote zilingane. Nikawa nimemega zaidi. Nikarudi upande wa kwanza. Jamani, mimi nilikuwa nasawazisha! Nilisawazisha kwa moyo safi kabisa, na nilipozinduka nilikuwa nimeshika mfupa mrefu wenye nyama kidogo huku na nyama kidogo kule, imelingana vizuri sana.

Nilimkuta Mjomba nje ya nyumba. Mkewe, Mama Karimi, alikuwa ameshasonga ugali kwa ajili ya ile nyama, na sufuria ilikuwa bado inafuka. Mjomba akafungua majani. Akaugeuza mfupa. Akaugeuza tena.

"Mbuzi huyu alikuwa mgonjwa?" akauliza.

"Hapana, Mjomba. Ni mbwa. Alinirukia njiani."

Hata leo sijui uongo ule ulitoka wapi, na mdomo wangu ukiwa bado unang'aa mafuta. Mjomba akaegemea mlango, akasema taratibu kama mtu anayetoa hukumu barazani, "Basi huyo mbwa miguu yake ya mbele itatetemeka. Itatetemeka mpaka aje hapa mwenyewe, aniambie kwa mdomo wake." Kisha akanikaribisha ndani, akala ugali wake na mboga za kunde, akanijazia kiondo ndizi za kupeleka nyumbani, akanisindikiza mpaka barabarani akiniuliza habari za shule. Mimi sikusikia neno. Nilikuwa nawaza miguu ya mbele.

Ilianza usiku huohuo. Kikombe cha chai kilinishinda. Shule ilipofunguliwa mwandiko wangu ulikuwa umelewa, herufi zinapanda na kushuka, na mwalimu wa darasa akaniuliza kama ninaandika nikiwa nimepanda punda. Nilipewa dawa ya malaria. Nikapewa dawa ya minyoo. Akina mama wa kanisa wakaja wakaniombea kwa nguvu mpaka kuku wakakimbia uani. Septemba ikaisha, Oktoba ikaingia, mtihani wa majaribio nikaanguka, mimi niliyezoea kuwa wa pili au wa kwanza. Baba hakunigombeza. Aliniletea tu kikapu kipya cha kuchumia kahawa, akakiweka karibu na mlango. Heri angenichapa.

Jioni moja mama alinikuta nyuma ya jiko nalia, nikamwambia yote, kuanzia kipande kilichoning'inia. Mama yangu alikuwa mtu wa kuokoka, mwenye kiti chake kanisani. Alinisikiliza, akavuta pumzi.

"Hayo ni mambo ya kale, Kanana. Sisi tumeokoka. Laana haina nguvu juu yetu."

"Ndiyo, mama."

Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kisha akageuka ghafla. "Yaani umekula bega la ndugu yangu? Lote?"

"Nilibakiza kidogo."

"Woi! Kesho alfajiri tunateremka."

Tuliteremka kabla jua halijachomoza sawasawa, mama akiniambia njia nzima kwamba mambo hayo hayana maana, huku anatembea kwa kasi hata nikawa namfuata mbio. Mjomba alikuwa shambani, suruali imekunjwa mpaka magotini, anageuza maji kwa jembe. Alipotuona alisimama wima. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mama alinisukuma mbele.

"Mjomba," nikasema, "yule mbwa..."

"Enhe. Yule mbwa."

"Yule mbwa ni mimi."

Mjomba akaketi. Hakutafuta mahali pa kuketi, aliketi palepale alipokuwa, ndani ya mfereji, maji yakampanda kiunoni. Ndipo kicheko kikatoka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka machozi yakamtoka, na maji yaliyozuiliwa na mwili wake yakamwagika kwenye shamba la jirani, na jirani akaja mbio na jembe lake akidhani ni vita vya maji. Mama naye alijaribu kubaki mkali, akashindwa, akajifunika uso kwa leso, mabega yanaruka.

Tukaenda nyumbani kwake. Nilidhani atanipaka mate tuondoke, lakini Mjomba alikuwa na lake. Alikaa kwenye kigoda, suruali inachuruzika maji, akaniweka mbele yake.

"Kwanza niambie. Ilikuwa tamu?"

Nikamwangalia mama. Mama akaangalia pembeni. "Ilikuwa tamu, Mjomba."

"Tamu namna gani? Mimi sikuionja. Anza pale ulipofungua majani."

Basi nikaanza. Nikamweleza kipande cha kuning'inia, jinsi kilivyokuwa kimeungua kidogo pembeni na chumvi imekamata. Alifumba macho. Nikamweleza mafuta yaliyokuwa chini ya ngozi, na ile nyama laini ya karibu na kiungo, ambayo huhitaji hata kutafuna. Naapa Mjomba alikuwa anatafuna. Alimeza. Aliuliza, "Na ule upande wa pili?" nami nikampeleka upande wa pili. Mama Karimi akaacha sufuria zake akaja kusimama mlangoni kusikiliza. Nilipofika kwenye mfupa, Mjomba alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akasema, "Sasa nimeshiba. Lete miguu ya mbele."

Alilamba asali kidogo kutoka kwenye kibuyu chake, akashika viganja vyangu, akavitemea, tfu, tfu, mara mbili kila kimoja. Akasema, "Mikono hii itulie. Ishike kalamu, ishike jembe, ishike mtoto. Isishike tena bega la mjomba." Aliyeitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko wote ni mama yangu aliyeokoka.

Nilirudi mlimani nimebeba ndizi mikono yote miwili na sikuangusha hata moja. Novemba niliandika insha yangu kwa mwandiko ulionyooka. Nilipita. Baba alikichukua kile kikapu akampa mtu mwingine, na Januari Mjomba mwenyewe ndiye aliyenibebea sanduku la bati mpaka shule ya bweni, kofia ya sufu kichwani, akiwaambia wazazi wengine getini kwamba huyu ndiye mbwa wake.

Mimi leo ni mwalimu. Nimesoma mambo ya akili za watoto chuoni, na ninaweza kukueleza vizuri kwamba hofu inaweza kumtetemesha mtu hata miezi miwili, na kwamba kuungama kunatuliza. Nimeyaeleza hayo kwa wazazi wengi. Kwa miaka yote nilijua kwamba Mjomba alinifanyia mzaha tu, na kwamba mimi ndiye niliyeubeba kama mzigo.

Siku ya mazishi nilisimama nikawasimulia watu habari ya bega, na makaburini pale watu walicheka mpaka mchungaji akavua miwani akafuta macho. Baadaye Mama Karimi, naye mzee sasa, akanivuta kando ya migomba.

"Umesimulia vizuri," akasema, "lakini hujui nusu yake. Alikuona ukiwa juu ya lile jiwe. Alikuwa pale kichakani anakata fito, akaja mbio akanikuta nimeshasonga ugali, akaniambia, 'Mama Karimi, mtoto wa dada yangu anakula chakula changu, mwache ashibe.' Alikuwa amefurahi kweli. Yale maneno ya mbwa yalimtoka tu, kwa kucheka."

"Nilijua ni mzaha," nikasema.

"Ngoja. Siku moja sokoni tukasikia kwamba unatetemeka, na kalamu imekushinda. Akaacha kula. Usiku alikuwa anakaa kitandani anajiangalia mikono. Nikamwambia panda mlimani ukamwondolee mtoto. Akasema hawezi, kwa sababu amesema uje mwenyewe, na neno la mjomba likitoka hata mjomba halirudishi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye maji alisimama barabarani akaangalia kule juu. Siku mliyokuja, wewe unafikiri alikaa kwenye mfereji kwa sababu ya kucheka?"

Niligeuka nikaangalia kule kaburini.

"Miguu ilimwisha nguvu," akasema Mama Karimi. "Kicheko kilikuja baadaye."

Miaka yote hiyo nilidhani niliyekuwa na hofu ni mimi peke yangu. Kumbe tulikuwa wawili, mmoja juu mlimani anashindwa kushika kikombe na mwingine chini barabarani, kila mmoja anamngoja mwenzake. Alikuwa na uwezo wa kuniharibia maisha kwa sentensi moja, hivyo ndivyo sote wawili tulivyoamini, na uwezo huo ulimnyima usingizi yeye zaidi kuliko mimi. Sijui neno jingine la kuliita jambo hilo ila upendo, na nasikia furaha kubwa kwamba uliwahi kuwa wangu.

Mama hakuwa na kaka mwingine. Kwa hiyo sasa, kwa sheria zetu za nyumbani, hakuna mtu aliyebaki duniani anayeweza kunilaani. Nilimwambia mume wangu hivyo tulipokuwa tunarudi kutoka mazishini, akacheka, akasema basi hongera, uko huru. Nami nikacheka naye mpaka tulipofika Nkubu, halafu nikamwambia asimamishe gari kando ya barabara, nikalia.