Pistoni za Gerrit Vandersloot

Gerrit Vandersloot alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha kusubu pistoni huko Muskegon, Michigan. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na vitu viwili: picha ya kundi lake, na masikio mabovu. Picha aliitundika ukutani. Masikio hakumwambia mtu.

Aliishi na dada yake Wilma, mjane aliyekuwa akipika katika shule ya msingi. Nyuma ya nyumba alikuwa na gari dogo la silinda nne, ambalo kila Jumamosi ya kiangazi alilipeleka kwenye mbio za robo maili. Lilikuwa zima, ila zito la mwendo. Daalman, daktari wa meno aliyezoea kumshinda, alikuwa akimwuliza, "Mzee Gerrit, leo tukupime kwa saa au kwa kalenda?"

Mwezi wa tano Gerrit akaamua kufunga turbo. Turbo huisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Lakini injini yake ilikuwa ya mgandamizo mkubwa. Kila ilichovuta ilikibana mara kumi na nusu kabla ya kukichoma. Ukiishindilia hewa injini ya namna hiyo bila kuiongezea nafasi, petroli huwaka kabla ya wakati na kuipiga pistoni kama nyundo. Lazima kwanza mgandamizo upunguzwe. Hayo Gerrit aliyajua kama jina lake.

Njia nzuri ni pistoni mpya zenye kibonde juu. Njia ya mkato ni gasketi nene, bamba la kuzibia linaloongeza nafasi, kati ya bloku ya injini na kifuniko chake, silinda hedi. Pistoni zingechukua wiki sita kufika. Gerrit akashika njia ya mkato, akijiambia kwamba injini ikianza kugonga ataisikia, ataituliza.

Hakuisikia. Aliyesikia ni Wilma, akiwa jikoni na dirisha wazi, gari likipanda mtaa wao. Alimwambia kaka yake kwamba kuna kitu mle ndani kinalia kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Gerrit akajibu ni bomba la moshi halijakazwa. Wilma akamwuliza kama kweli anausikia mlio wenyewe. Akasema anausikia vizuri sana, ndiyo maana anajua ni bomba.

Jumamosi hiyo, katikati ya mbio, gari lilitapika moshi wa buluu likazimika. Wakalivuta hadi nyumbani kwa kamba, Wilma kwenye usukani. Gerrit alipoifungua injini, pistoni ya tatu ilikuwa imemeguka ukingoni kama biskuti iliyoumwa.

Kesho yake Wilma alimpelekea kahawa gerejini. Akamwita kutoka nyuma yake. Hakugeuka. Akamwita tena, kisha akazunguka mbele na kuketi juu ya tairi.

"Nimekuita mara mbili."

"Nilikuwa nawaza."

"Gerrit, mimi si mgeni wako. Husikii tangu lini?"

Aliifuta ile pistoni kwa kitambaa muda mrefu. "Tangu kabla Harm hajafa," akasema. Harm alikuwa mume wa Wilma, na huu ulikuwa mwaka wa nne tangu azikwe.

"Kumbe miaka yote hii nikikusimulia mambo ya shule, unaitikia tu?"

"Naangalia uso wako. Ukikunja, nasema pole. Ukicheka, nacheka."

Wilma akamsogezea kikombe cha kahawa. "Na mara nyingi unapatia, mjinga wewe."

Siku hiyohiyo wakaagiza pistoni zenye kibonde. Zilipofika, Gerrit hakubahatisha kitu. Aliilaza hedi kichwa chini, akafunika kila chumba cha kuwakia kwa kipande cha kioo chenye tundu kilichopakwa grisi, akadondoshea maji yenye rangi kutoka kwenye mrija wa vipimo mpaka pajae, Wilma akiandika kiasi kilichoingia. Mgandamizo ukatoka mara nane na nusu badala ya kumi na nusu. Gasketi akaweka ya unene wa kawaida.

Kisha akachukua kipande cha bomba la shaba, akakiponda ncha moja na kukifunga kwa bolti kwenye bloku. Ncha ya pili akaiunga na mpira mrefu, na mpira ukaingia kwenye viziba masikio vya kiwandani, ambavyo kazini alikuwa akivining'iniza shingoni tu. Akamvika Wilma, ili mlio wa injini umfikie masikioni. Wakatoka kwenye barabara ya mashamba ya matunda ya buluberi, Gerrit akiongeza nguvu ya turbo kidogo kidogo, Wilma amefumba macho. Akisikia bisi, ampige begani. Alimpiga mara moja. Gerrit akasimama, akachelewesha kidogo cheche inayowasha petroli, wakaondoka tena. Safari hii mkono wa Wilma ulitulia magotini mpaka barabara ikaisha.

Mwezi wa nane gari la Gerrit lilimshinda Daalman kwa urefu wa boneti, kisha katika raundi iliyofuata likashindwa na msichana wa miaka kumi na tisa. Daalman akaja kwenye ua wa magari ya mbio na kusema jambo, watu wengi wakiwa wamesimama hapo. Wengine wakacheka. Gerrit alitazama nyuso zao, akaanza kutabasamu, kisha akaacha.

"Sikusikia," akasema. "Masikio yangu yamekufa. Sema tena, sogea huku."

Daalman akasogea. Kumbe alikuwa akiomba aonyeshwe pistoni zilizomshinda.