Mkunga Aliyegeuza Shuka

Mama Mashuka alimjua mkunga siku aliposhindwa kumuuzia shuka lenye kiraka. Wateja wengine hushika kitambaa, wakasifu rangi, wakaanza kulia bei. Yule mwanamke mrefu wa viatu vyeupe aliligeuza ndani nje, akakifuata kiraka mpaka kwenye pindo.

"Na hiki je?"

"Hicho cha kiwandani, dada."

"Kiwanda gani kinashona kwa mkono?"

Mama Mashuka akacheka, akampa lingine. Wakazoeana.

Ndiyo maana, mimba ya binti yake ilipopitiliza tarehe na mtoto hana habari ya kutoka, alimpeleka wodini kwa mkunga huyohuyo. Ila kabla ya kutoka nyumbani alimwekea binti chini ya ulimi kidonge alichopewa na muuza dawa wa mtaani. Ukifika uchungu umeshaanza, aliwaza, hakuna wa kukurudisha nyumbani ukasubiri.

"Amepewa dawa yoyote huko?" mkunga aliuliza.

Binti alimtazama mama yake.

"Hajapewa kitu," mama akajibu. Sokoni huonyeshi kilicho mfukoni kabla hujasikia bei. "Mwekeeni dripu, yaishe."

"Dripu baadaye, mama. Mlango wa kizazi bado mgumu, dripu itamtesa bure."

"Basi kidonge cha huku chini. Jirani yangu aliwekewa, akajifungua chapuchapu."

"Kinafanya kazi. Lakini kikishayeyuka huko, uchungu ukizidi nitakitoaje? Mimi nakiyeyusha kwenye chupa ya maji, anakunywa kidogokidogo. Nikiona mambo yanakwenda mbio, nasimamisha."

"Maji! Mwanangu amekuja kuzaa au kukata kiu?"

Hata mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka.

Binti alikunywa mara moja tu. Uchungu ukaja umepandana, huu haujashuka mwingine umeshika, hana hata nafasi ya kuvuta pumzi. Mkunga alimlaza ubavu, akasikiliza mapigo ya mtoto. Akasikiliza tena. Akasimama.

"Funda moja la maji yangu haliwezi kufanya haya. Mama, umempa nini?"

"Kimoja tu. Chini ya ulimi."

"Kizima?"

"Kizima."

Mkunga hakufoka, heri angefoka. Alimwita daktari, kitanda kikasukumwa mbio kwenda chumba cha upasuaji.

Mtoto alitoka mzima, tena na sauti ya mnadani. Damu ya mama yake ndiyo iliyokataa kukatika, mpaka wakaondoa kizazi.

Mkunga alipoitwa ofisini kujieleza, Mama Mashuka alijipeleka mwenyewe, akasema kidonge kilikuwa chake. Kazi ya mkunga ikapona. Mjukuu anatambaa juu ya marobota ya shuka, na hatapata mdogo wake. Binti, mtu akimuuliza lolote, hata kama ni "umeshakula?", hujibu upesi kabla mama hajafungua mdomo.

Mkunga bado hununua shuka sokoni. Huipita meza ya Mama Mashuka, akanunua ya mbele yake, na huko pia huligeuza kwanza.