Sauti ya Kizimbani

Mpwa wangu alirudi juzi kutoka kwenye semina ya kujiamini. Wamefundishwa kusimama wima, kuvuta pumzi hadi tumboni, na kumwangalia mtu aliyekaa nyuma kabisa ukumbini. Aliniuliza kama enzi zetu kulikuwa na mafunzo ya namna hiyo. Nikamjibu kwamba yalikuwepo, kisha nikaenda jikoni kuangalia ugali ambao ulikuwa umeshaiva zamani.

Mimi nilifundishwa na hakimu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuajiriwa ukarani katika mahakama ya mwanzo nje kidogo ya mji wa Mwanza, bado niko kwenye majaribio. Nilikaa Mabatini kwa shangazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kutunza majalada, lakini kwa kuwa kwetu ni upande wa Mara, mwambao wa ziwa, na nyumbani tunasema Kijita, nilipewa pia ukalimani. Vijiji vya ujamaa vya wavuvi vilikuwa na Wajita wengi, na wengine, hasa akina mama, Kiswahili kiliwapiga chenga. Wakifikishwa mahakamani, mimi ndiye niliyekuwa masikio yao na mdomo wao.

Shida ni kwamba mdomo wenyewe ulikuwa haufunguki. Nimelelewa katika nyumba ambayo msichana akisema na mkubwa hupiga magoti, huangalia chini, na sauti yake haivuki mkeka. Nilisoma miaka yote bila kunyoosha mkono darasani. Siku ya kwanza niliyosimama kutafsiri, mmoja wa wazee wawili wa baraza, wanaokaa na hakimu na kuamua naye kesi kwa kura, alitega sikio kwa kiganja akauliza, "Karani amekula nini leo, amekula chochote kweli?" Watu wakaangua kicheko. Nilikwenda kulia chooni, tena nikalia kwa hasira, maana njaa kweli nilikuwa nayo.

Hakimu hakucheka. Alikuwa mtu wa Bukoba, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, na viatu vyake viling'aa hata mwaka ule dawa ya viatu ilipoadimika madukani. Kesi zikiisha, watu wakitawanyika, aliniambia nisimame ukutani nyuma, yeye akakaa kitini pake mbele, nami nikamsomea mashtaka ya zamani. "Binti, sijasikia." Nasoma tena. "Binti, bado." Nilimchukia. Kila nilipoinua sauti nilihisi namvunjia heshima mtu mzima, na yeye kila nilipoishusha alihisi naivunjia heshima serikali.

Kisha akanipa dawa. "Ukitafsiri," aliniambia, "usiseme mshtakiwa anasema hivi na hivi. Sema mimi. Mimi niliiba, mimi sikuiba. Na mimi nikisema nao kupitia kwako, sema mimi vilevile. Wewe mwenyewe hupo pale."

Maneno hayo yaliniponya, sijui niseme nini kingine. Kama sipo, nani atanicheka? Nikawa mwanamume aliyempiga shemeji yake, nikawa mpika gongo, nikawa mzee aliyegombea mpaka wa shamba, na wote hao waliongea kwa sauti iliyowafikia watu waliosimama nje barazani. Baada ya muda yule mzee aliacha kutega sikio. Kwenye foleni ya unga watu walimpisha shangazi yangu wakimwita mama wa karani, naye hakuwasahihisha. Hakimu akasema nikiendelea hivi nitathibitishwa kazini. Nikaanza kuota mapembe. Nilitembea barabarani kidevu juu, nikajibu watu kwa sentensi kamili.

Ndipo akaletwa yule mama.

Alikuwa mjane wa makamo, amejifunika khanga mpaka utosini, na miguu yake ilikuwa na vumbi la safari ya kutembea na askari. Alishtakiwa kwa kuiba wavu kwenye ghala la kijiji na kutaka kumuuzia mvuvi wa kijiji kingine. Nje, chini ya dirisha, jirani alikuwa amempakata mtoto wa mwisho wa mama huyo, bado ananyonya, na mtoto alikuwa analia. Mwenyekiti wa kijiji alikaa benchi la mbele, amepiga pasi shati lake la mkutano. Nilimsomea mama mashtaka kwa Kijita. Alikiri palepale. Hakimu akauliza kama ana lolote la kusema kabla ya adhabu, na kila mtu alijua hapo ndipo mambo yataamuliwa: kwa kosa lile angeweza kuachiwa kwa onyo akarudi kwa watoto wake, au kufungwa.

Yule mama alianza kwa kupiga magoti ndani ya kizimba, akapotea kabisa machoni pa mahakama. Askari akamwinua. Akazungumza akiangalia sakafu, khanga ikiwa mdomoni, kwa sauti ambayo mimi niliyesimama naye bega kwa bega niliipata kwa shida. Alikuwa analia, lakini kilio cha kwetu mbele ya wakubwa, kisicho na kelele. Akimaliza kipande, ananyamaza, nami nakipeleka mbele.

Nilisimama wima. Nikamwangalia mtu wa nyuma kabisa. Nikasema:

"Ni kweli niliuchukua. Wavu huo mume wangu alikuja nao tulipohamishiwa kijijini. Tukaambiwa sasa ni wa wote. Mume wangu alipokufa niliona wote wanakula samaki wa wavu ule, mimi na wanangu wanne hatumo katika hao wote. Nimekosa. Naomba mnisamehe."

Nakiri nilisikia raha. Sijawahi kusikilizwa vile. Mtu mmoja nyuma akasema, "Eeh, kweli kabisa," na askari akamtolea macho. Hapo nikamwona mwenyekiti amesogea ukingoni mwa benchi lake, shingo imemvimba, na yule mzee aliyewahi kunitegea sikio anamwinamia hakimu. Hakunong'ona. "Huyu ana macho makavu," alisema. "Anatuhutubia. Hata msamaha anaomba kama anadai."

Mzee mwenzake akaitikia kwa kichwa. Na mwanamke waliyemsema alikuwa anajifuta kamasi kwa pindo la khanga, hajui kwamba amehutubia.

Maneno yalikuwa yake, moja baada ya jingine. Kwa sauti yake yalikuwa ya mjane anayeona haya kwa njaa yake. Kwa sauti yangu yalikuwa ya mtu anayekishtaki kijiji, na mwaka ule hakuna aliyekishtaki kijiji akaenda nyumbani.

"Mheshimiwa," nilisema, "naomba kusema."

"Mshtakiwa ameongeza neno?"

"Hapana. Ni mimi."

Sauti ikakatika hapohapo. Ile niliyofundishwa ilikuwa ya kusemea watu wengine, na yangu mwenyewe ilikuwa bado ileile niliyotoka nayo kwa mama yangu. Nilijikaza, nikasema kwamba mama huyu analia, kwamba hakuyasema maneno yale kama nilivyoyasema mimi, aliyasema kwa unyonge, anaomba. Mzee akategesha kiganja sikioni. "Karani anasemaje?" Nikarudia, na mara ya pili ilikuwa hafifu kuliko ya kwanza.

Lakini hakimu alisikia. Najua alisikia, kwa sababu alimtazama yule mama kwa muda mrefu, kisha akamtazama mwenyekiti, kisha akashika kalamu.

"Karani, kuna neno ulilolibadilisha?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Kuna ulilopunguza au kuongeza?"

"Hapana."

"Basi tafsiri ni sahihi. Kaa kwenye kazi yako."

Waliinamiana wote watatu. Haikuwachukua muda. Mpaka leo sijui hakimu alisema nini pale, kama alipinga akashindwa na wazee, au kama viatu vile viling'aa kwa sababu mwenyewe alijua vizuri mahali pa kukanyaga. Aliandika, akasoma, akanipa ishara nimwambie mshtakiwa.

Nilimgeukia. Pale mezani hakuna aliyeelewa Kijita, na ningeweza kumwambia kwa maneno ya pole, kwamba hao wakubwa wameamua. Lakini nilikuwa natetemeka, na mtu anayetetemeka hushika kile alichozoea. Nikamwambia, "Nimekuona una hatia. Ninakufunga miezi sita."

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. Tangu asubuhi alikuwa ameona watu wakubwa wakipiga midomo kwa lugha asiyoijua, na mtu mmoja tu, msichana wa rika la binti yake, ndiye aliyemshtaki kwa lugha yake, akamhoji kwa lugha yake, na sasa amemfunga kwa lugha yake. Akashuka tena magotini. Safari hii hakuelekea kwenye meza ya hakimu. Alielekea kwangu, akakamata pindo la sketi yangu.

"Mwanangu," alisema, "mtoto ananyonya. Nipunguzie hata mwezi mmoja."

Niligeuka ili nitafsiri. Hakimu alikuwa ameshaingia ofisini kwake, na wazee walikuwa mlangoni wakimfuata. Askari akamshika mama mkono kumwinua, akainuka bila ubishi, macho yake bado yako kwangu, akisubiri nimjibu.